Mtoto Aliyetamani Kinanda

Mwezi huu nataka kuwapa habari ya jambo ambalo huonekana kuwa dogo nyumbani mwetu, nalo si dogo: shauku ya mtoto kutaka kuwa mpiga kinanda na mwimbishaji kanisani. Nalianza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana asiyekubali kosa lake hafai kuwaonya wenziwe.

Miaka mingi imepita tangu nilipokuwa mwalimu kijana upande wa Biharamulo. Kanisani kwetu palikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, nami ndiye niliyekipiga. Kila Jumapili mtoto mmoja wa kiume alikuja mapema akaketi benchi la mbele, karibu na ukuta. Hakumtazama mhubiri, wala hakuwatazama waimbaji. Alitazama miguu yangu jinsi ilivyokanyaga, na vidole vyangu jinsi vilivyokwenda. Siku moja, watu walipokwisha kutoka, alinijia taratibu, akasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu.” Akasema, “Nakuomba, Mwalimu, uniruhusu nikiguse mara moja tu.”

Nami nilikuwa nimechoka, na njaa ilinishika. Nikamjibu kwa ukali, “Hiki si mchezo wa watoto. Nenda ukachunge mbuzi wa baba yako.” Akainama, akatoka, wala hakuketi tena benchi lile. Baada ya muda jamaa zake walihama, nami nikasahau. Yaliyompata baadaye nitawaambieni mwisho wa habari hii. Kwanza twende mbali kidogo, tuone jinsi Mungu alivyowaongoza wengine waliokuwa na shauku kama ile.

*Mtoto aliyelima shamba apate kufundishwa*

Katika nchi ya Ghana, iliyokuwa ikiitwa Pwani ya Dhahabu, alizaliwa mwaka 1899 mtoto aitwaye Ephraim Amu, katika kijiji cha Peki-Avetile. Alipokuwa akisoma shule alipendezwa sana na sauti ya kinanda kilichopigwa na mwalimu wake kanisani, hasa wakati wa kutoa sadaka. Naye hakuwa na fedha ya kulipa mafundisho. Basi walipatana hivi: siku za Jumamosi Amu aende kufanya kazi katika shamba la mwalimu, na mwalimu naye amfundishe kinanda nyumbani kwake.

Tafakarini mapatano hayo, enyi wazazi. Mwalimu hakusema, “Huyu ni maskini, hawezi.” Wala mtoto hakusema, “Nipewe bure.” Kila mmoja alitoa alicho nacho: huyu jasho lake, na yule ujuzi wake. Amu alipokuwa mwalimu mwenyewe alinunua kinanda cha kukunjwa. Yasimuliwa kwamba alikichukua kichwani, akasafiri nacho kwa miguu usiku kucha, mwendo wa maili kama 18, hata akakifikisha Peki. Alisafiri usiku ili wanafunzi wasimwone mwalimu wao amejitwika mzigo.

Lakini shauku iliyotimizwa haina maana kwamba taabu zimekwisha. Amu alikuwa akifundisha katika chuo cha walimu cha Akropong tangu mwaka 1926. Huko akaanza kujiuliza kwa nini Mwafrika amsifu Mungu kwa sauti za kigeni peke yake. Akatunga nyimbo kwa lugha na mapigo ya nchi yake, akaingiza ala za Kiafrika, akavaa kanisani nguo za kwao. Wakuu wake waliona jambo hilo halifai, na mwaka 1933 akaondolewa kazini. Hakukata tamaa wala hakuliacha Kanisa. Alikwenda kufundisha Achimota, na tangu mwaka 1937 hata 1940 alisoma katika chuo cha kifalme cha muziki huko London. Alifariki mwaka 1995, mzee wa miaka 95, naye aheshimiwa katika Ghana nzima kama baba wa muziki wa kwao. Jiwe walilolikataa waashi, twajua habari yake.

*Sauti iliyotoka nchi yetu*

Labda msomaji mmoja wa Ngara atasema, “Ghana ni mbali. Kwetu je?” Basi, sikia habari ya karibu.

Katika mkoa wetu wa Kagera, upande wa Bukoba, alitoka Bernard Kyamanywa, aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1966, alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, alitunga wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili, ukaitwa “Mfurahini, Haleluya”. Sauti yake haikutoka Ulaya. Ni sauti ya Kihaya, ya watu wanaokaa kando ya ziwa letu. Wakati huo alikuwapo Makumira mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake wakusanye sauti za kwao, wazitie maneno ya Injili. Olson alizikusanya nyimbo nyingi za namna hiyo, akazifasiri kwa Kiingereza.

Tazama basi njia ambayo wimbo ule ulipita. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutengenezea maneno ya Kijerumani. Hata kitabu kipya cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilipotolewa, tangu mwaka 1993, wimbo huo uliwekwa ndani yake, nao ni wa 116. Wakristo wa Marekani nao wanao katika vitabu vyao. Zamani wamisionari walituletea sauti za Ujerumani tukaziimba. Sasa Wajerumani huimba asubuhi ya Pasaka sauti iliyotoka Kagera. Nani angaliliwaza jambo hili alipomwona mtoto wa Kihaya akiimba migombani?

Tena si yeye peke yake. Katika Uganda, Joseph Kyagambiddwa, mwana wa Kanisa Katoliki, alitunga utungo mkubwa wa kuimbwa kwa ngoma na sauti za Kiganda juu ya Mashahidi wa Uganda. Ukaimbwa Roma mwezi wa Oktoba 1964, Mashahidi wale walipotangazwa kuwa watakatifu. Na huko Afrika Kusini, mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misioni ya Wamethodisti, Enoch Sontonga, alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, akauandika katika daftari. Alikufa mwaka 1905, angali kijana, wala hakujua kwamba sauti ile itakuwa sauti ya mataifa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti hiyo ndiyo iliyochukuliwa kuwa wimbo wetu wa taifa. Mwalimu, usilidharau daftari lako.

*Ngoma na inanga: je, zaingia kanisani?*

Hapa nayafikia maswali ambayo wazee huyauliza. Nchi yetu ya Ngara imekaa mahali ambapo mito ya Ruvubu na Kagera hukutana, Burundi upande mmoja na Rwanda upande wa pili. Wahangaza na Washubi, na huko Biharamulo Wasubi na Wazinza, hawakungoja kufundishwa kuimba. Inanga hujulikana tangu Burundi na Rwanda hata Buhaya: kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, na juu yake uzi mmoja uliopitishwa huku na huku, mara saba au nane. Mpigaji huketi, hupiga polepole, na kusimulia habari za wafalme na mashujaa. Ngoma nayo, kwa watu wa Burundi na Rwanda, ilikuwa zaidi ya ala ya kuchezea. Neno lile lile “ingoma” lamaanisha ngoma na lamaanisha ufalme.

Kwa sababu hiyo wahubiri wa kwanza, na pia Wakristo wengi wa kwanza wa kwetu, waliziogopa. Waliona kwamba ngoma na pombe huenda pamoja, na kwamba ala zile zilitumika katika matambiko. Tusiwacheke. Mtu aliyetoka juzi katika shimo haoni aibu kulikwepa shimo. Walakini tusifanye kosa la pili, la kudhani kwamba mti na ngozi vina dhambi ndani yake. Zaburi ya 150 yataja tarumbeta, kinubi, matari na matoazi, wala haisemi ni vya taifa gani. Kinanda chenyewe tunachokiona kitakatifu kilianza Ulaya, na huko kilipigwa sebuleni na katika nyumba za michezo vilevile kama kanisani.

Ndugu zetu wa Kanisa Katoliki walilipima jambo hili katika mtaguso wao mkuu, na katika hati yao ya tarehe 4 Desemba 1963 walielekeza kwamba muziki wa kienyeji wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Kwetu sisi shauri langu ni hili: tusiulize tu, “Ala hii imetoka wapi?” bali tuulize, “Yawaelekeza watu kwa nani?” Ngoma ikiwainua watu wamsifu Mungu, na iingie. Kinanda kikimwinua mpigaji asifiwe yeye, na kifungwe.

*Moyo kwanza, vidole baadaye*

Wazee wa upande huu wakumbuka waliyoambiwa na baba zao juu ya uamsho ulioanza Gahini, katika Rwanda, katika miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ile habari zake zilifika Katoke, ng'ambo hii ya mto, kwenye shule ya walimu ya misioni. Watu waliungama dhambi zao wazi, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na adui zao, nao waliimba. Kiitikio chao cha Kiganda, “Tukutendereza”, kilivuka mipaka ya nchi na lugha. Wala hawakuwa na kinanda mkononi. Waliimba njiani, shambani, na milangoni mwa nyumba.

Nalitaja jambo hili ili mtoto anayetamani kinanda asidhani kwamba kinanda ndicho kinachofanya sifa. Kinanda ni mtumishi. Mpigaji aliyegombana na mkewe asubuhi, na ambaye hataki kumsamehe jirani yake, aweza kuzipata noti zote sawasawa, na bado usharika ukabaki baridi.

Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1685, ndiye ambaye wengi humhesabu mkuu wa wanamuziki wa Kanisa. Alifiwa na mama na baba kabla hajatimiza miaka 11, akalelewa na kaka yake. Yasimuliwa kwamba kaka yake alimnyima kitabu kimoja cha muziki, naye akakinakili kwa siri usiku, kwa mwanga wa mbalamwezi. Mwaka 1705 alikwenda kwa miguu, safari ya kilomita kama 400, kutoka Arnstadt hata Lübeck, apate tu kumsikia mpiga kinanda Buxtehude. Safari hiyo yapita ile ya kutoka Ngara hata Bukoba. Na mtu huyo mwenye akili nyingi alizoea kutia mwisho wa kazi zake herufi tatu, S.D.G., ambazo ni maneno ya Kilatini, maana yake, utukufu ni wa Mungu peke yake. Mwandishi mkubwa hivyo alijiandika mdogo. Yafaa kila kiongozi wa kwaya azikumbuke herufi hizo anapoona watu wanamtazama.

*Mambo ambayo nyumba maskini yaweza kuyafanya*

Sasa wazazi watauliza, “Mtoto wetu ana shauku, nasi hatuna kinanda wala fedha. Tufanyeje?” Nawajibu kama mwalimu.

Kwanza, afundishwe kusoma sauti kwa solfa. Mwanamke mmoja Mwingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeianzisha njia hii, na mchungaji John Curwen, aliyekufa mwaka 1880, aliitengeneza na kuieneza mpaka ikafika katika shule za misioni za Afrika. Haina gharama. Sauti ni saba: do, re, mi, fa, sol, la, ti. Huandikwa kwa herufi ya kwanza tu. Sauti ya juu hutiwa alama ndogo juu, na ya chini hutiwa chini. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, na kistari huonyesha kwamba sauti yaendelea kushikwa. Curwen alitumia pia alama za mkono: ngumi iliyofumbwa ni do, na kila sauti yafuata na umbo lake. Mwalimu mwenye ubao mmoja na chaki moja aweza kuwafundisha watoto 40, na mtoto aweza kujifunza akichunga mbuzi.

Pili, achorewe vitufe vya kinanda juu ya ubao, vyeupe na vyeusi, kwa kipimo chao hasa, apate kuzoeza vidole vyake huku akiimba sauti kwa kinywa. Ubao hausemi, lakini vidole hujifunza.

Tatu, akipata ruhusa ya kukikaribia kinanda cha kanisa, aanze kwa kukitumikia. Na ajue kilivyo. Miguu hukanyaga mivukuto. Mivukuto husukuma pumzi, na katika vinanda vingine huivuta. Pumzi hupita katika vipande vyembamba vya shaba, navyo hutetemeka na kulia. Kipande kirefu hutoa sauti nene, kifupi hutoa sauti nyembamba. Mtoto akifahamu hayo ataelewa kwa nini vumbi kidogo laweza kuinyamazisha sauti moja. Adui za kinanda ni panya wanaotafuna ngozi ya mivukuto, mchwa walao mbao, na unyevu wa masika. Basi kiwekwe juu ya mawe au vigae, mbali na ukuta, kifunikwe kwa kitambaa, na kikaguliwe kila juma. Mtoto anayelinda kinanda kisiharibike ameanza kazi ya muziki kabla hajapiga hata sauti moja.

Nne, wazazi wasimcheke. Nasema na akina baba hasa. Twamsifu mtoto anayetaka kuwa mganga au karani, kwa kuwa twaona mshahara wake. Lakini Mfalme Daudi aliweka waimbaji 288 waliofundishwa kazi ya kumwimbia Bwana, kama tusomavyo katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25. Nao walihesabiwa kwa majina ya baba zao. Tena mtoto na asiache shule wala jembe kwa sababu ya kinanda. Amu alilima, Sontonga alifundisha watoto, Kyamanywa alichunga usharika. Muziki haukuwanyang'anya kazi, bali uliitia kazi yao uhai.

Tano, wasisahauliwe watoto wa kike. Katika nyumba nyingi wao ndio waimbao tangu alfajiri, kisimani na penye jiwe la kusagia, lakini daftari la solfa hupewa kaka zao. Jambo hili si haki, wala halifai kwa Kanisa.

*Nilivyomwona tena*

Sasa nimalize habari ya mtoto yule. Baada ya miaka mingi nilitumwa kwenda upande wa Ngara kwa mkutano wa walimu. Jumapili nikaingia kanisani kama mgeni. Hapakuwa na kinanda. Palikuwa na ngoma mbili na kwaya ya watu kama 30, na mbele yao mtu mmoja mwembamba mwenye daftari kuukuu. Aliinua mkono, akafumba ngumi, wakampa do. Akaonyesha sauti nyingine kwa vidole, nao wakagawanyika sauti nne, kila kundi mahali pake, bila kusaidiwa na chombo chochote. Machozi yakanijia, nisijue sababu yake.

Ibada ilipokwisha alinijia, akainama kidogo, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Huenda hunikumbuki. Mimi ndiye niliyeketi benchi la mbele.” Nikakosa neno. Kisha akanisimulia. Jamaa zake walipohama alimpata mwalimu mwingine, akamtekea maji na kumpasulia kuni muda wa miaka miwili, naye akafundishwa solfa, na baadaye kinanda. Kinanda kile kiliharibika, lakini aliyoyajua hayakuharibika.

Nikamwambia, “Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe.” Akajibu, “Nilikwisha kukusamehe, Mwalimu. Lakini nakuomba jambo moja. Wapo watoto wawili hapa, msichana na mvulana, ambao huja mapema na kuketi mbele. Njoo uwaone, uwatie moyo, kwa kuwa wewe ni mzee na maneno yako yatawafaa.”

Nikaenda. Niliketi nao juu ya benchi lile la mbele mpaka jua likainama, nikawafundisha alama za mkono, zote saba. Sijui watakuwa nani. Huenda mmoja wao atatunga wimbo ambao utavuka bahari. Huenda ataimbisha kwaya ya watu 12 katika kanisa la nyasi maisha yake yote. Mbele za Mungu kazi hizo mbili ni moja.

Basi, enyi baba na mama, na ninyi walimu wenzangu, Jumapili ijayo angalieni benchi la mbele. Kama yupo mtoto anayetazama miguu ya mpiga kinanda, au mikono ya mpiga ngoma, msimfukuze. Mwulizeni jina lake.